Kiota cha Tai Kikianguka, Hesabu Ianze na Mti

Mtu anayezunguka Ziwa Nakuru siku hizi hukutana na mandhari ambayo wakazi wa zamani wa mji huo hawakuizoea: migunga iliyokufa ikiwa bado imesimama ndani ya maji, magome yamebanduka, matawi yamepauka. Ziwa lilianza kupanda kuanzia mwaka 2010 hivi, likameza barabara za hifadhi, likalifikia hata lango kuu la zamani, na migunga ya ukingoni, ambayo huvumilia unyevu lakini haiwezi kuishi mizizi yake ikiwa imezama mwaka hadi mwaka, ikafa palepale ilipokuwa. Juu ya miti hiyo mikavu ndipo anapopenda kukaa tai mla samaki, yule mwenye kichwa cheupe na sauti inayosikika kutoka ng'ambo ya ziwa. Mgeni humwona akapiga picha, akaondoka akiamini kwamba ndege huyu amestawi, na kwa sehemu hakosei. Ziwa limepanuka, maji yake yamepungua chumvi, samaki wameongezeka, na mti usio na majani ni mnara mzuri wa kuwindia. Ila mnara wa kuwindia na mti wa kujengea kiota ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo hujitokeza usiku ambao upepo mkali unashuka kutoka kwenye kuta za Bonde la Ufa.

Kila baada ya masika makali husikika masikitiko yaleyale kwamba dhoruba imeangusha kiota cha tai, kinda amekufa, jozi imetoweka. Masikitiko hayo ni ya haki, lakini nadhani yanamnyooshea kidole mshtakiwa asiyefaa. Tai wameishi na dhoruba tangu kale na namna yao ya kujenga, kutaga na kuhama inaonyesha kwamba kupoteza kiota ni jambo walilolizoea. Jambo wasilolizoea ni kuupoteza mti na kukosa mwingine wa kuhamia. Dhoruba ya saa moja huamua ni kiota kipi kitaanguka leo, ilhali kama kuanguka huko kutakuwa hasara ya msimu mmoja au mwisho wa jozi katika eneo hilo huamuliwa na miaka 30 au 50 iliyotangulia, na waamuzi ni sisi.

Kwanza ni vyema kuelewa kiota chenyewe. Kiota cha tai hakifanani na cha kwera au shomoro, kinachofumwa leo na kutupwa kesho. Ni jengo linaloongezwa kila mwaka. Jozi hurudi palepale, huweka vijiti vipya juu ya vya zamani, hutandika majani mabichi ndani, hutaga, hulea, na mwaka unaofuata huanza tena juu ya ile sakafu ya zamani. Cha tai mla samaki huweza kuzidi mita moja kwa upana, na cha tai mwenye taji, yule anayewinda nyani na paa wadogo katika misitu kama ya Kakamega, huweza kuzidi mita mbili. Huko Marekani, ambako tai wa huko, naye mwenye kichwa cheupe (kwa Kiingereza bald eagle), ni ndugu wa karibu wa tai mla samaki wetu, kiota kimoja kilichopimwa karibu na St. Petersburg, Florida, mwaka 1963 kilikuwa na upana wa mita 2.9 na kina cha mita 6, na uzito wake ulikadiriwa kuzidi tani mbili. Kingine mashuhuri, cha Vermilion katika jimbo la Ohio, kilitumika kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya dhoruba ya mwaka 1925 kukiangusha pamoja na mti wake.

Uzito huo hubebwa na panda ya mti, na hapo ndipo udhaifu ulipo. Vijiti vya chini huoza wakati vya juu vinaongezwa. Mvua ya siku nyingi hukifanya kiota kinywe maji kama sifongo, udongo nao hulegea kuzunguka mizizi. Kisha upepo unakuja, na upepo hauongezi nguvu kidogokidogo: kasi yake ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Tena tai huchagua miti mikubwa na mizee, mara nyingi yenye tawi lililokauka ili pawe na njia ya kutua na kuruka bila kukwaruza mabawa. Maana yake ni kwamba mti anaoupenda tai ndio huohuo ulio karibu zaidi na uzee wake. Kiota kikubwa, basi, ni dalili ya ufanisi wa jozi na wakati huohuo ni mzigo unaosubiri upepo wake.

Hata hivyo tazama kilichotokea North Fort Myers, Florida, mwezi Septemba 2022. Kimbunga Ian kilikifuta kabisa kiota kilichokuwa kikitazamwa na maelfu ya watu kupitia kamera ya intaneti. Wenye kiota, jike aliyeitwa Harriet na dume aliyepewa jina la M15, walirudi baada ya siku chache, wakaanza kukusanya vijiti, wakajenga upya katika mti uleule, na kabla mwaka haujaisha jike akawa ametaga. Mwezi Februari 2023 Harriet alitoweka, na dume akawalea makinda wawili peke yake hadi wakaruka. Watu wengi walisimulia kisa hiki kama habari ya ushujaa. Mimi naona ndani yake mambo mawili makavu zaidi. La kwanza, mti ulibaki. La pili, kimbunga kilikuja wakati kiota ni kitupu, kwa sababu msimu wa vimbunga vya Atlantiki huwa unafikia mwisho ndipo tai wa Florida wanapoanza kutaga. Kalenda yao na ya dhoruba zao zimepishana.

Huku kwetu kalenda hiyo si ya kutegemewa namna hiyo. Karibu na Ikweta tai mla samaki huweza kutaga karibu mwezi wowote, ingawa kwa kawaida hupendelea kipindi ambacho maji yametulia. Mayai huatamiwa kwa siku 42 hadi 45, na kinda hukaa kiotani siku nyingine 70 hivi kabla ya kuruka. Jumla yake ni karibu miezi minne. Nchi yenye masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba haiachi nafasi nyingi za miezi minne mikavu mfululizo, na magharibi mwa Kenya, ambako hata Agosti hunyesha, nafasi hiyo haipo kabisa. Jozi inayoishi kwenye visiwa vya Ziwa Victoria kama Ndere, au kwenye fuo za Rusinga, haina msimu wa kujificha.

Dhoruba za upande huo pia zina tabia yake. Ziwa Victoria hujitengenezea hali ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo wenye unyevu ukavuma kutoka ziwani kuelekea mashariki, ukapanda ukingo wa Nandi na miinuko ya Kericho, ukakutana na upepo wa mashariki unaovuka nyanda za juu, na pale unapokutana nao ndipo mawingu ya radi hupanda kwa kishindo. Ndiyo sababu wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaifahamu mvua ya mawe kama wanavyoufahamu msimu wa kupogoa. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hushuka kuelekea majini, na radi huhamia ziwani, kwenye giza ambamo wavuvi wa omena wamewasha taa zao. Hao hawahitaji kuelezwa na mwandishi wa makala jinsi upepo wa saa tisa za usiku ulivyo. Tai aliye kiotani ukingoni mwa ziwa hulipokea pigo hilo gizani, wakati hawezi kuruka kwa usalama, na kazi yake pekee ni kulala chini juu ya makinda na kutandaza mabawa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu upepo unaoangusha kiota ndio unaoonekana, ilhali mvua huua kwa njia ya kimya. Kinda wa wiki mbili au tatu ana manyoya laini yasiyozuia maji, na akilowa kwa saa kadhaa hupoteza joto na kufa kiota kikiwa kizima. Mwezi Machi 2025, katika kiota maarufu cha Big Bear, California, mmoja wa makinda watatu alikufa wakati wa dhoruba ya theluji, wazazi wote wawili wakiwa hai na kiota kikiwa imara. Kwetu hakuna theluji, lakini mvua ya mawe ikifuatiwa na usiku wa baridi wa nyanda za juu haihitaji msaada wa theluji.

Kisha kuna njaa. Tai mla samaki huwinda kwa macho: humwona samaki karibu na uso wa maji, akateremka, akamnyakua. Baada ya mvua kubwa mto Nyando huleta Ghuba ya Winam maji mekundu ya udongo wa mashamba yaliyomomonyoka, nayo mito ya Nzoia na Sondu huingiza ziwani maji ya namna hiyo, na kwa siku kadhaa karibu na midomo ya mito hakuna kinachoonekana. Mzazi anayepaswa kuleta samaki hurudi mtupu au huruka mbali zaidi, kiota kikabaki na mlinzi mmoja. Mtu anayeuliza kwa nini kinda alikufa wiki moja baada ya dhoruba ataambiwa ni dhoruba, na jibu hilo si la uongo, lakini udongo uliotoka kwenye vilima vilivyovuliwa miti una fungu lake katika kifo hicho.

Hesabu huwa kali zaidi kwa tai mwenye taji. Huyu hutaga yai moja au mawili, na yakianguliwa yote, kinda mkubwa kwa kawaida humuua mdogo wake siku za mwanzo. Yai huatamiwa kwa siku 50 hivi, kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu, na hata baada ya kuruka huendelea kulishwa na wazazi kwa karibu mwaka mzima. Matokeo ni kwamba jozi hutoa kinda mmoja kila baada ya miaka miwili. Usiku mmoja wa radi katika msitu wa Kakamega ukimuua kinda huyo, miaka miwili ya kazi ya ndege wawili imekwisha. Asili ilimfidia kwa kumpa maisha marefu na kiota cha kudumu. Leslie Brown, ofisa wa kilimo aliyefuatilia tai nchini Kenya kwa miongo kadhaa hadi kifo chake mwaka 1980, aliacha kumbukumbu za viota vilivyotumika miaka mingi, ndege mmoja akifa na mwingine akishika nafasi yake. Hesabu ya namna hiyo inaweza kustahimili hasara ya mara kwa mara, mradi mti uwepo.

Na miti ndiyo inayokosekana. Ukitoka Kisumu ukapita Maseno hadi Luanda na kuingia Vihiga, utaona kijani kila upande na kudhani hakuna uhaba. Tazama vizuri. Kijani hicho kwa sehemu kubwa ni mikaratusi ya miaka michache, imesimama kama askari kwenye gwaride, inasubiri kuwa nguzo za stima, mbao za ujenzi au kuni za viwanda vya chai. Siichukii mikaratusi, imesomesha watoto wengi katika kaunti hizo. Afrika Kusini, kandokando ya mji wa Durban, tai mwenye taji amejifunza kujenga kwenye mikaratusi mikubwa iliyoachwa izeeke. Neno la kuzingatia hapo ni "iliyoachwa". Mkaratusi unaovunwa kabla haujafikisha miaka 10 hauna panda nene ya kubeba kiota, na hata ungekuwa nayo, ungekatwa kabla kinda hajaruka.

Miti mizee iliyobaki nje ya misitu ya serikali ni ile iliyolindwa na mila, makaburi au ukaidi wa mzee mmoja: mkuyu kwenye chemchemi, mvule kwenye mpaka wa shamba. Nami nimeona jinsi inavyoondoka. Miaka michache iliyopita, katika kijiji ninachokifahamu vizuri, upepo ulivunja tawi moja la mvule uliokuwa mkubwa kuliko wazee wote wa hapo. Tawi halikumgusa mtu. Asubuhi yake fundi wa msumeno wa injini alikuwa tayari amefika, akafuatiwa na mnunuzi wa mbao, na kufikia Jumamosi mti mzima ulikuwa umelala kwa sababu ulikuwa "hatari". Hakuna aliyedanganya, mti mkubwa uliovunjika tawi unaweza kweli kuwa hatari ukiwa juu ya nyumba. Huu ulikuwa katikati ya shamba la mahindi. Dhoruba ilichukua tawi, mnunuzi akachukua vilivyosalia, na mwaka uliofuata kila mtu alikumbuka kwamba mvule uliangushwa na upepo.

Sera zetu nazo hazimsaidii tai kwa namna inayodhaniwa. Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wakapande miche. Mwaka huohuo, mwezi Julai, marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyokuwapo tangu mwaka 2018, iliondolewa kwa misitu ya kupandwa. Mtu anaweza kutetea hatua zote mbili kwa sababu za kiuchumi, na sitaki kuzipinga hapa. Ninachosema ni kwamba mizani inayohesabu mche mmoja kuwa sawa na mti mmoja haimwoni tai hata kidogo. Miche 1,000 haibebi kiota kimoja. Miaka 10 baadaye bado haibebi. Katika mizani hiyo, mvule mmoja uliokatwa na miche miwili iliyopandwa ni faida ya mti mmoja.

Ipo hoja ya kunipinga, nayo ni nzito: tai mla samaki hayuko katika orodha ya ndege walio hatarini duniani, na amethibitisha kwamba anaweza kubadilika. Ziwa Nakuru lenyewe halikuwa na samaki hadi pale samaki mdogo wa jamii ya tilapia kutoka Magadi alipoletwa katikati ya karne iliyopita ili apunguze mbu. Baada yake ndipo mwari na ndege wengine wala samaki walipofuata. Ikiwa kichekesho kinaruhusiwa, baadhi ya fahari ya hifadhi ile ilianza na kampeni dhidi ya malaria. Nakubali hayo yote. Lakini tai mla samaki ndiye mvumilivu kuliko wenzake, na kumtumia yeye kupima hali ya tai wote ni sawa na kupima njaa ya kijiji kwa kumtazama mwenye duka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha ndege wawindaji walioonekana kando ya barabara za Kenya miaka ya 1970 na wale wa kuanzia mwaka 2003, ulionyesha kupungua kwa spishi 19 kati ya 22 zilizochunguzwa. Hakuna dhoruba inayoweza kufanya kazi hiyo peke yake. Sumu, nyaya za umeme, upungufu wa mawindo na miti iliyokatwa vimefanya sehemu kubwa.

Kule Hell's Gate, si mbali na Naivasha, tai mweusi hujenga kwenye majabali. Mvua inanyesha, upepo unapiga, jabali halianguki. Huyo ana taabu nyingine, za pimbi anaowala na za shughuli za wanadamu chini ya mwamba. Namtaja kwa sababu anaonyesha kwamba mahali ambapo msingi wa kiota hauguswi, dhoruba hubaki kuwa hali ya hewa tu.

Wapo wanaopendekeza tuwajengee tai viota. Jambo hilo si la kuchekwa. Huko Decorah, Iowa, kiota kilichotazamwa na mamilioni ya watu kilianguka mwezi Julai 2015 baada ya dhoruba, na watu waliokuwa wakikifuatilia walipanda mtini, wakaanzisha kingine kwa vijiti walivyovikusanya, nao tai wakakikubali na kukiendeleza. Katika Ziwa Nakuru, ambako migunga iliyokufa itaendelea kuoza kwenye usawa wa maji na kuanguka mmoja baada ya mwingine, jukwaa la mbao ngumu kwenye mti hai wa ufuo mpya linaweza kuwa msaada wa muda. Lakini hata Decorah walihitaji mti wa kupanda. Nami nahofia kwamba kwetu jukwaa lingegeuka kuwa sherehe ya utepe na picha, huku kilomita mbili kutoka hapo mkuyu wa miaka 100 ukipasuliwa mbao bila mtu kuuliza ulikuwa na nini juu yake.

Pendekezo langu ni la karani zaidi kuliko la mhandisi. Kaunti za Nakuru, Kisumu, Kakamega na Vihiga zina maofisa wa misitu, zina machifu, na zina vijana wenye simu zenye kamera. Kabla ya masika, na iandikwe miti yenye viota vya tai, pamoja na miti mingine miwili au mitatu mikubwa iliyo karibu na kila kimoja, kwa sababu jozi itahamia kwenye miti hiyo kiota kikianguka. Baada ya dhoruba, kibali chochote cha kukata mti kwa jina la usalama kieleze mti uko umbali gani kutoka kwa nyumba, njia au waya, na mkataji aonyeshe kwamba kuondoa tawi pekee hakutoshi. Mwenye shamba naye alipwe kitu, kwa maana mvule ni akiba yake ya karo na ya hospitali. Kumwomba auache kwa ajili ya ndege anayemnyakulia kuku ni kumwomba atoe sadaka ambayo sisi wa mjini hatuitoi. Fedha hizo si nyingi tukizilinganisha na zinazotumika kununua miche ambayo nyingi huliwa na mbuzi kabla ya Krismasi.

Kuhusu Nakuru, swali lililo wazi ni ufuo mpya. Mgunga wa manjano hukua haraka ukilinganishwa na mvule, na pale maji yaliposimama chipukizi zinaweza kuota zenyewe zikiachwa. Twiga, nyati na tumbili watazila baadhi. Zitakazosalia zitahitaji miongo kadhaa kupata panda inayofaa, na katika miongo hiyo tai wa ziwa watategemea ile migunga michache ya mteremkoni ambayo maji hayakuifikia. Idadi yake haizidi uwezo wa askari mmoja wa hifadhi mwenye daftari na wiki mbili za kiangazi.